Hodi kwa Namba Nne

Kila jioni, akishafunika cherehani yake, Mama Vifungo aliingia kwenye chumba cha intaneti jirani na kibaraza chake, akaigonga kompyuta namba nne kwa kidole chenye kastabini, kile kikofia cha chuma cha kushonea, akasema, "Hodi." Ndipo alipovuta kiti.

Wateja walishamzoea. "Siku ikikujibu 'karibu', utatimua mbio," mmoja alimtania.

"Mwanangu anakaa humo. Niingie kimyakimya, kwani mimi mwizi?"

Binti yake wa pekee alifanya kazi za nyumbani ughaibuni. Mwajiri alimnyang'anya simu, kwa hiyo alimwandikia mama yake kwa kuibia, kwenye kompyuta ya watoto wa nyumba ile. Barua ya kwanza Mama Vifungo aliisomea kwenye namba nne. Msichana mhudumu, ambaye sauti yake ilikuwa ndogo mpaka umuulize mara mbili, akaiweka mashine ile ikumbuke neno la siri, ili mama asihangaike. Tangu hapo alibonyeza mara moja tu, barua zikafunguka. Zingekaa wapi kama si humo? Hata kompyuta nyingine zikiwa wazi, yeye aliisubiri namba nne.

Kisha ikaja hii: "Mama, mkataba unaisha, wanataka nisaini mwingine wa miaka miwili. Nimechoka, lakini nyumba yetu bado haina paa. Nirudi au nibaki? Kesho adhuhuri nitafungua. Nisipokuta neno lako, nasaini."

Hakujibu palepale. Neno zito haliamuliwi kwa pupa. Alipita kwanza kwa kaka yake.

"Mwache amalize, dada," kaka alisema. "Mvumilivu hula mbivu."

"Nazo zikiozea mtini?"

Mama Vifungo akarudi kwake na jibu lake moyoni.

Kesho yake asubuhi alishona zipu moja, ikaenda upande. Akaiacha, akaenda kupiga hodi. Pale ilipokaa namba nne palibaki alama ya mraba kwenye vumbi.

"Iko wapi?"

"Iliungua jana ulipotoka, mama," mhudumu alisema. "Tajiri kaipeleka kwa fundi, lakini wewe unaweza..."

Hakuwa na wa kumsikiliza. Mama Vifungo alikwishatoka, futi yake ya kupimia ikipepea shingoni.

Karakana ya fundi ilikuwa mitaa kadhaa kutoka pale. Alipofika, pumzi zikimpaa, aliikuta namba nne imelazwa mezani, kifua wazi, nyaya nje.

"Barua zangu, fundi!"

"Humu hamna kitu, mama. Diski imekufa, nimeitupa kwenye debe lile."

Akapiga magoti, akatia mikono debeni, akaanza kutoa vyuma kimoja kimoja. "Ni ipi? Hii? Hii?"

"Utajikata, mama yangu!"

"Nionyeshe, nasema! Mwanangu anasaini mchana huu!"

Fundi akamwonyesha. Akaikumbatia, akamwinulia uso. "Iunganishe."

"Mama, hiyo ni maiti."

Hapo mhudumu akaingia mbio, kiatu kimoja mkononi. Safari hii hakuna aliyehitaji kumuuliza mara mbili.

"Mama Vifungo! Redio yako ilipoungua mwaka jana, msomaji wa habari aliungua nayo?"

"Huu ndio wakati wa mafumbo, mwanangu?"

"Hakuungua! Uliponunua nyingine ukamkuta anasoma vilevile. Hiyo ndiyo webmail, mama. Barua zako hazikai kwenye mashine. Zinatunzwa huko mtandaoni, unazifungua kwa kompyuta yoyote yenye intaneti. Hata hii ya fundi. Ila hii haikujui, utaandika neno la siri mwenyewe. Unalikumbuka?"

"Nisilikumbuke vipi? Ndilo jina nililombembelezea mwanangu."

Fundi alitazama saa ya ukutani, iliyokaribia adhuhuri, akapangusa kiti kwa kiganja. Ukurasa ukafunguliwa.

"Geukeni," Mama Vifungo akasema.

Wakageuka, mhudumu akitazama mlango, fundi akitazama ukuta. Wakasikia vitufe vikibonyezwa kimoja kimoja, kama matone ya kwanza juu ya bati.

"Imenikataa. Imeandika nyekundu."

"Rudia, mama. Taratibu."

Matone tena. Nyekundu tena.

Mhudumu akachungulia begani bila kuomba ruhusa. "Mama, kastabini! Inagusa vitufe viwili kwa pamoja."

Akaivua, akaiweka juu ya maiti ya namba nne. Akaandika kwa kidole kitupu, herufi baada ya herufi, midomo ikitikisika.

Barua zikafunguka zote. Ya jana ilikuwepo, na juu yake mpya, iliyoingia muda huohuo: "Mama, upo? Wananiita. Nirudi au nibaki?"

Fundi alisahau kwamba ameambiwa ageuke. Mhudumu alishika kiatu chake kwa mikono miwili.

Mama Vifungo akaandika, "Nipo. Rudi."