Kinga ya Mume Wangu Iko Kisarawe

Neno kinga mimi nalijua kwa maana mbili: hirizi, na ile mipira inayogawiwa bure zahanati. Kwa hiyo ofisa ustawi wa jamii wa wodi ya wagonjwa wanaoletwa na mahakama aliposema kinga ya mume wangu iko Kisarawe, nusura nimrushie kiti.

Mume wangu alimpiga jirani yetu kwa mpini wa jembe, akiamini sauti za kichwani zimemwamuru. Mahakama ikamwona mgonjwa, akapelekwa kutibiwa. Sasa madaktari walifikiria kumruhusu arudi nyumbani, wakawa wanapima mambo ya kumponza na ya kumlinda, ndiyo hiyo kinga yao. Ya kumponza niliyajua: kuacha vidonge, bangi, kukosa usingizi. Ya kumlinda nilidhani ni mimi. Nilitoka kwetu Mkuza, Kibaha, na shati lake nimelipiga pasi, na chumba nimeshakipaka rangi.

"Sauti zikirudi, unamwambia nani kwanza?" aliulizwa.

"Mtani wangu," akajibu, wala hakunitazama.

Huyo mtani ni Mnyamwezi, mjane anayeuza karanga jirani na mama mkwe wangu kule Kisarawe. Mume wangu ni Mzaramo, basi utani wao hauna mpaka. Mwanamke huyo humwita kichaa mbele za watu, naye hucheka mpaka akaketi chini. Mimi huniita mke mwenzangu. Sijawahi kuupenda utani huo.

"Na mkeo je?"

"Huyu analia. Mtani ananiuliza, we Mzaramo, hao wapangaji wako wa kichwani leo wanagombania nini? Nacheka, namweleza. Halafu nameza dawa."

Wapangaji! Nimelala naye kitanda kimoja na neno hilo sijawahi kulisikia. Wivu ulinishika. Ikaamuliwa akae kwa mama yake, nami nikarudi Kibaha peke yangu.

Juzi yule mwanamke alinipigia simu.

"Mke mwenzangu, wapangaji wamerudi. Kaniambia mwenyewe, nikampeleka kliniki, kachomwa sindano. Sasa hivi amelala."

Nilimshukuru kwa moyo, maana mume wangu angeweza kumdhuru mtu. Hata hivyo nilimchukia kwa lile neno "mwenyewe".

"Kasema nini kuhusu mimi?"

"Kasema nisikwambie kwamba wamerudi, utalia."

"Mbona sasa unaniambia?"

"Mimi mtani wake bwana, siri zake hazikai kwangu."

"Silii," nikamwambia. Hakukata simu. Alisubiri mpaka nilipomaliza.