Mama Pindo na Kiti Alichomgawia Wifi Yake

Asubuhi hii Mama Pindo ameshagombana na redio kabla hata hajafungua dirisha. Mtangazaji amesema habari za "mheshimiwa mmoja anayeshikilia funguo za jimbo zima", na fundi huyu wa cherehani, mkasi mkononi, anamjibu kana kwamba wamekaa naye chumba kimoja.

"Funguo gani? Funguo za mlango huu tu alikuwa anazipoteza kila wiki!"

Halafu anaongeza sauti ya redio, maana hataki limpite neno.

Chumba chake cha kazi kipo mwisho wa kibaraza kirefu cha maduka, kati ya muuza vyombo vya plastiki na kinyozi. Ndani kuna meza ya kukatia, pasi nzito, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na cherehani mbili zinazotazamana. Moja inang'aa kwa kutumika. Ya pili imefunikwa shuka la maua tangu kampeni zianze, na juu ya shuka hilo vimeanza kurundikana vifungo na vipande vya lesi.

Hiyo ya pili ni ya wifi yake, mke wa kaka yake. Ndiye huyo anayesemwa redioni.

Uchaguzi wa bunge la jimbo umemalizika kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Chama cha Daraja kimepata viti ishirini na viwili. Chama cha Ngazi nacho kimepata ishirini na viwili. Kiti kimoja kilichobaki kimekwenda kwa mgombea binafsi, mwanamke aliyekuwa akishona sketi za shule kwenye chumba hiki hiki. Bila kura yake, hakuna chama kinachoweza kuunda serikali.

Kesho bunge linakutana kuchagua kiongozi wa serikali ya jimbo. Sheria, ambayo redio inaikariri tangu alfajiri, inasema wabunge wakipiga kura mara tatu na wakashindwa kumpata, bunge linavunjwa na wananchi wanarudi kupanga foleni ya kupiga kura. Na suti atakayoivaa mheshimiwa huyo ipo mezani kwa Mama Pindo, haina hata mikono.

"Nina wivu," anamwambia mwandishi wa gazeti aliyekaa pembeni, bila kuulizwa. "Andika hivyo hivyo, usinipambie. Nina wivu mpaka chakula hakipiti. Watu wananiuliza, 'Unajisikiaje wifi yako kuwa mbunge?' Nawajibu najisikia fahari. Fahari ya wapi? Roho inaniuma."

Anavuta uzi, anaukata kwa meno. Sababu ya kuumwa roho anaijua, na mtaa mzima unaijua. Kiti kile kilikuwa chake.

Ni yeye, si wifi, aliyepambana na mtaro uliokuwa ukimwaga maji machafu mbele ya maduka. Barua zilipokosa majibu, alichota ndoo nzima ya maji yale, akaipeleka mpaka ofisi ya wahandisi, akaitua juu ya zulia na kukaa pembeni yake. Mafundi walifika kesho yake. Tangu siku hiyo wenye maduka wakawa na lao moyoni, na fomu za kugombea zilipoanza kutolewa walikuja kwake wote, kinyozi akiwa msemaji.

Walimkuta katikati ya sare za shule. Zilikuwa zaidi ya mia mbili, shule zinakaribia kufunguliwa, na mama za watoto wameshaanza kuja juu.

"Sikuinua hata uso," anasema. "Nikawaambia sina nafasi. Mchukueni huyu hapa, mdomo anao. Jamani, nilikuwa natania! Wakacheka, na yeye akacheka. Halafu naona mtu anasimama, anajipangusa nyuzi kwenye sketi, ananiuliza, 'Wifi, una hakika?' Nikamwambia nenda bwana, unanizibia mwanga. Akaenda moja kwa moja."

Kinyozi, aliyeingia kuazima mkasi, anathibitisha kila neno. "Sisi tulimfuata yeye," anasema. "Huyu mwingine tulimchukua kwa sababu ndiye aliyekuwa amekaa karibu."

"Umesikia?" Mama Pindo anamgeukia mwandishi. "Umesikia kwa masikio yako?"

Kinachomchoma zaidi ni matokeo yenyewe. Anasema chama kimoja kingeshinda, roho yake ingetulia mapema. "Angekuwa mbunge wa kupiga makofi tu, amekaa huko nyuma, hajulikani. Wivu wangu ungekuwa wa kawaida, wa kifamilia. Sasa wamefungana, kiti kimegeuka dhahabu. Na mimi ndiye niliyegawa."

Kila siku magari makubwa yanaegeshwa nyumbani kwa kaka yake. Kaka mwenyewe siku hizi anamwita mkewe Mheshimiwa hata anapoomba chumvi. Chama cha Daraja, ambacho rangi yake ni bluu, kilileta kitambaa cha suti kwa mategemeo kwamba mheshimiwa atakivaa bungeni. Kabla saa haijapita, Chama cha Ngazi nacho kikaleta chake, cha rangi ya damu ya mzee. Vyote viwili vimekaa juu ya rafu. Wifi alisema asikate chochote mpaka aamue, kisha akaondoka na hajasema kitu.

Mlango unagongwa. Anaingia kijana wa watu, viatu vinametameta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Samahani mama yangu, tunauliza tu kama ile bluu imeshakatwa."

"Unataka gauni?"

"Hapana, mama, mimi…"

"Basi pisha hapo mlangoni, unanizibia mwanga."

Kijana anatoka kinyumenyume. Mama Pindo anacheka peke yake, halafu uso unamnywea. Anasema kwamba katika miaka yake yote ya ufundi hakuna mtu mwenye viatu vya namna ile aliyewahi kuja kumtafuta yeye.

Ukweli ni kwamba vitambaa vile viwili havijaguswa na mkasi. Suti iliyo mezani ni ya kijivu, na kijivu hicho wazazi wa mji huu wote wanakijua. Ni kitambaa kilichobaki kwenye sketi za shule.

"Mimi simsubiri mtu aamue, nguo haijishoni," anasema. "Halafu sare ndizo zilizoninyima kiti. Basi na yeye aingie nazo bungeni."

Mchana wifi anafika kujaribu suti. Kibaraza chote kinatoka nje. Kinyozi anamwacha mteja na kichwa kilichonyolewa nusu. Mheshimiwa anasalimia kila mtu, anashikwa mikono, anainama kukumbatiwa, na Mama Pindo ndani anahesabu pini zisizohitaji kuhesabiwa.

"Wifi, hujambo?"

"Sijambo. Vua, nina kazi."

Hapa ndipo kosa linapoonekana. Fundi huyu, ambaye humpima hata jirani anayeleta suruali ya kupunguzwa, safari hii hakupima. Alikata kwa vipimo vilivyo kichwani mwake tangu wifi aolewe. Baadaye alieleza kwa nini, na hakutafuna maneno.

"Kumpima mtu urefu wa sketi lazima uchuchumae miguuni pake. Nimchuchumalie yule? Na dirisha liko wazi, watu wanatazama?"

Sasa koti limening'inia mabegani, na sketi inazunguka kiunoni yenyewe. Wanawake wawili wanatazamana kwenye kioo chenye ufa.

"Wifi, umekonda," anasema Mama Pindo, na sauti imeshuka.

"Sili. Nikikaa tu mezani, kuna mtu ameshajaa pembeni yangu ananibembeleza. Nikilala, simu. Huyu ananiahidi uwaziri, huyu ananiahidi barabara. Jana nilijifungia bafuni nikalia."

Hakuna namna nyingine. Mama Pindo anatia pini mdomoni na kuchuchumaa. Anabana kiuno, anashusha pindo, anazunguka kwa magoti. Mtu anayemtazama anaona mikono yake ikifanya kazi kwa upole ambao mdomo wake haujauonyesha siku nzima. Hata hivyo mheshimiwa alipoondoka, neno la kwanza kumtoka Mama Pindo lilikuwa hili: "Hata kukonda, amekonda vizuri. Mimi nikikonda nafanana na mgonjwa."

Lakini kabla hajaondoka, mheshimiwa aliuliza swali, akiwa amesimama vile vile na wifi yake yuko miguuni.

"Wifi, ingekuwa wewe, ungekaa upande gani?"

Mama Pindo akatoa pini mdomoni, moja moja. Redio ilikuwa inazungumza chinichini, ile ile habari ya kura tatu na bunge kuvunjwa.

"Usikae upande wowote," akasema, macho kwenye pindo. "Uliwaambia watu hutabeba chama cha mtu. Basi kaa katikati, uwaache wahangaike."

Mheshimiwa akamtazama kwenye kioo. "Haya," akasema.

Mwandishi alipomuuliza kama ushauri ule ulikuwa safi, Mama Pindo alijifanya kutafuta bobini ya uzi chini ya meza. "Ushauri ni ushauri. Mbunge kauliza, mwananchi kajibu." Alipoinuka alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika. "Sasa wakivunja bunge, si fomu zinatoka upya? Mimi nifanyeje?"

Siku ya kikao, chumba kimejaa watu na hakuna anayeshona. Kura ya kwanza, ishirini na mbili kwa ishirini na mbili. Ya pili, hivyo hivyo. Kila mara spika anapomwita mbunge wa kiti kile kimoja, sauti wanayoijua wote inasikika ikisema, "Nilitumwa na wananchi. Sikutumwa na Daraja wala Ngazi. Sipigi kura." Kabla ya kura ya tatu, muuza vyombo anaanza kuomba dua kwa sauti, ingawa haijulikani anaomba nini.

Ya tatu nayo inafungana. Bunge limevunjwa.

Watu wanapiga kelele, wengine wa kufurahi, wengine wa kulaani. Mama Pindo anaongeza sauti ya redio. Kisha mtangazaji anasema mheshimiwa alivaa suti nadhifu ya kijivu, isiyo ya rangi ya chama chochote, kazi ya mbunifu asiyejulikana.

"Asiyejulikana!" Anasimama, kiti kinaanguka. "Asiyejulikana? Yeye ajulikane kwa kukaa kimya, mimi niliyeshona nisijulikane? Zima hiyo redio!"

Hakuna anayeizima, na yeye mwenyewe hasogei.

Asubuhi inayofuata, hakuna gari linaloegeshwa popote. Wifi anakuja kwa miguu, kanga moja kiunoni, nyingine begani. Anasalimia, anatoa shuka la maua, anamwaga vifungo kwenye kopo, na kuanza kuitia mafuta cherehani yake. Mama Pindo anaendelea kushona. Zinasikika cherehani mbili badala ya moja, kwa mara ya kwanza tangu kampeni.

"Nilishaamua kabla sijaja kujaribu suti," wifi anasema hatimaye. "Nilitaka tu nisikie utaniambia nini."

"Nilikwambia ukweli."

"Wifi. Ukidanganya huwa unatazama pindo."

Mama Pindo anasimamisha cherehani. "Basi ndiyo," anasema. "Ninakitaka. Nilikitaka tangu siku ile ile ulipotoka mlangoni. Nilitaka nikukimbilie nikakurudishe, nikaona aibu, nikaendelea kushona sare za watu. Kila nikikusikia redioni nasema huyo ni mimi, huyo alikuwa awe mimi. Nikuombe radhi?"

"Hapana," wifi anasema. "Simama nikupime."

"Unipime nini?"

"Utachukua fomu na hilo gauni la kazini? Watakurudisha mlangoni wakidhani umeleta oda."

Futi ya kupimia iko shingoni kwa Mama Pindo. Wifi anaivua, anampima mabega, kifua, kiuno. Kisha aliyekuwa mheshimiwa mpaka jana anachuchumaa miguuni pa wifi yake, dirisha likiwa wazi, na kinyozi amesimama nje anatazama bila aibu.

"Na usichekelee," anasema kutoka chini. "Mimi pia nachukua fomu."

"Chukua. Ila vipimo viandike sawasawa. Usije ukanikatia ya kubana makusudi."

"Nitakukatia kama ulivyonikatia mimi, kwa kukumbuka."

Wanacheka wote wawili, Mama Pindo mpaka anashika meza. Anapofuta macho, anaeleza mipango yake kwa mwandishi akiwa bado amenyoosha mikono. Akishinda, ataanza na mtaro wa upande wa pili wa barabara, ambao nao umeoza. Akishindwa na mtu wa Daraja au wa Ngazi, atavumilia. Akishindwa na wifi yake, hapana, hilo asiulizwe leo.

Kivuli kinaingia chumbani. Mama mmoja amesimama mlangoni na mfuko uliojaa kitambaa cha kijivu, watoto watatu nyuma yake.

"Mama Pindo, uniokoe. Shule zinafunguliwa, na sare hata moja sina."

Mama Pindo anautazama mfuko ule. Halafu ananyoosha kidevu kuelekea chini, kwa mwanamke aliyechuchumaa na futi mkononi.

"Mpe huyu hapa, mikono anayo," anasema. "Mimi nakwenda kuchukua fomu."