Makaburi ya Luxor kwa Mwanga wa Kioo

Sababu ya safari yetu ilikuwa macho ya dada yangu. Dada Mwanaidi ana ugonjwa wa kurithi ambao haumpofushi mtu kwa siku moja. Unambana kutoka pembeni, mwaka hadi mwaka, mpaka anabaki akiuona ulimwengu kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mwanga ukipungua, hata tundu hilo huzibika. Daktari wake hapa Toronto hakumficha kitu: uwezo uliobaki utaendelea kupungua, na hakuna ajuaye kwa kasi gani.

Mimi kazi yangu ni kupanga mizigo ghalani, kule Downsview. Historia ya Misri ya kale nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, nikisoma ndani ya treni wakati wa kwenda na kurudi kazini. Kwa miaka yote hiyo msikilizaji wangu alikuwa Dada. Tunakaa majengo jirani, Crescent Town, na kila Jumapili nilimpelekea nilichosoma wiki ile. Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa namweleza juu ya dari yenye nyota katika kaburi la mfalme mmoja, akanikatiza.

"Bakari, Misri umenisimulia vya kutosha," alisema. "Sasa nipeleke nikaione, kabla macho hayajafunga."

Mwanawe, Salim, hakutaka kusikia. Mama yake alikuwa ameteleza kwenye ngazi za stesheni ya treni, na tangu hapo Salim alitaka aache kusafiri kabisa, hata Tanga kwa ndugu. Walibishana jikoni, mtoto kwa Kiingereza na mama kwa Kiswahili, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Mwishowe Dada akaweka sharti mbele yangu kama shahidi. Akienda Misri na kurudi hajaona kitu, atakaa nyumbani kama Salim anavyotaka, na Tanga atakuwa akipeleka salamu kwa simu. Akiona, asizuiwe tena. Salim alikubali upesi. Nadhani alikuwa na hakika ya kushinda.

Msikitini nako habari zilifika. Akina mama walimuuliza kwa nini aende kwa Firauni wakati watu huenda Makka. Dada akawajibu kwamba Makka alikwishakwenda, na kwa Firauni haendi kuswali, anakwenda kuhakikisha kwamba kweli amekufa.

Tuliondoka mwishoni mwa Februari, theluji ikiwa imelundikana kando ya barabara, nyeusi kwa moshi wa magari. Maandalizi yalikuwa juu yangu. Nilikuwa nimesoma kuhusu kila kaburi ambalo tungeingia, ukuta kwa ukuta, na nilimwandikia barua wakala wetu wa safari atupatie kiongozi hodari wa kueleza, ili ndani ya makaburi, ambamo Dada asingeona vizuri, maneno ya kiongozi yamsaidie. Mpango huo niliuona hauna kasoro.

Cairo tulipita uwanja wa ndege tu. Luxor tulifika jioni, tukalala hoteli iliyo karibu na mto Naili. Dada alisimama kidogo ukumbini akivuta hewa. Alisema inanuka vumbi na mkate, na kwamba baada ya miezi ya kunusa theluji, hiyo tu inatosha kuwa safari.

Alfajiri kiongozi wetu alikuja na gari. Jina lake Nadia, mwanamke wa makamo, mwenye sauti pana, Kiingereza safi na kofia ya ukili. Alipojua Dada amehiji, akawa anamwita Hajja, na Dada akampenda papo hapo. Tulivuka daraja kwenda ng'ambo ya magharibi, upande ambao Wamisri wa kale walizika watu wao, maana huko ndiko jua linakozama. Mashamba ya miwa yalipita pembeni, kisha kijani kikakatika ghafla kama kitambaa kilichopigwa mkasi, ikaanza milima mikavu.

Bonde la Wafalme lilikuwa tayari na watu wengi. Kigari cha umeme kilitupandisha hadi kwenye kaburi nililolichagua, la mmoja wa akina Ramses, lenye ile dari. Nadia alisimama kivulini, akafungua picha kubwa, akatueleza vizuri sana: mungu wa kike wa mbingu amelala kwa urefu wa chumba chote, jioni analimeza jua, asubuhi analizaa. Kisha akafunga picha zake, akatuambia tuingie, yeye atatusubiri pale.

Nilimuuliza haingii? Akanijibu kwa upole kwamba kiongozi haruhusiwi kueleza ndani ya makaburi ya bonde hilo. Watu wakisimama kusikiliza, msongamano unaziba njia na pumzi zao zinaharibu rangi. Ni sheria, na kila kiongozi anaijua. Mimi niliyesoma kila ukuta sikuwa nimeisoma.

Ndani ya kaburi, njia inashuka kwa mteremko mrefu wa mbao. Taa zipo, lakini ni hafifu, na Dada alikuwa ametoka kwenye jua kali. Alinishika kiwiko. Watu walitupita, wengine wakitusukuma kidogo. Nilianza kumweleza kama nilivyozoea Jumapili: nasaba ya ngapi, nani alimrithi nani, kitabu gani cha mazishi kimeandikwa upande gani. Alisikiliza mpaka tukafika chumba cha mwisho, chini kabisa, ambako dari ilikuwa juu yetu, samawati iliyoiva na miili ya njano, nzuri kuliko picha yoyote niliyowahi kuiona.

"Tumefika?" akauliza.

Nikamwambia tumefika, ainue kichwa. Akainua. Akakigeuza taratibu huku na huku, kama mtu anayetafuta kituo cha redio. Nilitaka kuwasha tochi ya simu, mlinzi akanitikisia kidole.

"Ni giza, Bakari," alisema. "Giza kama la chini ya kitanda. Twende, tunawazibia wenzetu njia."

Nje alikaa kwenye benchi, akafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu. Nilijua anamfikiria Salim. Nadia alinitazama akaona kwamba mambo hayakwenda, akauliza, nami nikamweleza hali ya macho na lile sharti. Hakutoa pole nyingi. Aliuliza swali moja tu: kwenye mwanga mkali, Hajja anaona kiasi gani? Dada akajibu mwenyewe. Akanyoosha mkono, akakunja kidole gumba na cha shahada vikafanya duara. Kiasi hicho anakiona sawasawa, hata herufi za gazeti. Nadia akafikiri kidogo, akasema kaburi la pili la kifalme tuliache. Anajua pengine.

Saa nne hivi tulikuwa upande mwingine wa mlima, kwenye makaburi ya wakubwa wa serikali, si wafalme. Huko watalii ni wachache na njia ni ya changarawe. Nadia alimwita mlinzi aitwaye Ragab, mtu wa rika langu, kanzu ya kijivu, aliyekuwa akinywa chai mlangoni mwa kaburi la karani wa mashamba ya mfalme. Ragab akatuambia umeme umekatika tangu asubuhi.

"Na mgao umetufuata," Dada akasema. "Mimi nilidhani tuliuacha Tanga."

Nadia akamtafsiria Ragab, naye akacheka, akaingia kibandani mwake. Akatoka na kioo cha kabati, kikubwa, kimevunjika pembe, na ubao uliobandikwa karatasi ya fedha inayong'aa. Hivi ndivyo walinzi wa huko walivyofanya kazi kabla ya umeme, na wengine hawajaacha. Kioo kinakaa nje, kinalidaka jua na kulitupa ndani ya mlango. Ubao unakaa ndani, unalipokea na kulipeleka ukutani. Kwa kawaida walinzi huwa wawili, lakini mwenzake Ragab hakuja siku hiyo. Ragab akanipa mimi ubao.

Nilisimama mahali aliponionyesha. Jua likaja kutoka mlangoni, likagonga ubao, na ukutani likatokea doa moja la mwanga, si kubwa kuliko sinia, lakini kali kama mchana wa nje. Pembeni yake kulikuwa giza tupu. Nadia alimsogeza Dada, akamsimamisha mbele ya doa. Nikafungua mdomo nianze kueleza.

"Nyamaza kwanza," Dada akaniambia. "Shika ubao."

Nikaushika kwa mikono miwili. Dada alisogea, akatulia kabisa. Kisha akaanza kusema, polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine kwa sauti.

"Kuna mguu. Mguu wa mtoto wa kike. Panda kidogo. Kuna mwenzake ameushika, ameinama. Bakari, anamtoa mwiba."

Nikapandisha.

"Kushoto sasa. Ngano, nyingi. Shuka. Shuka bwana, usiruke. Hapo." Akacheka peke yake gizani. "Wasichana wawili wanavutana nywele. Yule wa kulia ameshindwa, anajitetea kwa mkono mmoja. Hawa wametumwa kuokota masazo ya mavuno, wanapigana. Na mkubwa wao hayupo, au amelala."

Nikasogeza mwanga tukamkuta mkubwa wao. Hakulala, alikuwa chini ya mti anapuliza filimbi. Dada alimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Tulizunguka kuta zote namna hiyo, doa kwa doa, yeye akiamuru na mimi nikitii, na Ragab nje akigeuza kioo kulifuata jua na kupaza sauti kila mara kuuliza kama Hajja anaona. Kitabu changu kilikuwa kimelielezea kaburi lile kwa kurasa kadhaa: cheo cha mwenyewe, majina ya watoto, mpangilio wa sherehe. Ule ugomvi wa wasichana ulikuwamo pia, katika mstari mmoja, nami niliupita. Siku ile niliuona kupitia kwa mtu ambaye daktari ameandika kwamba kisheria anahesabiwa haoni.

Tulipotoka, Dada alikuwa na machozi, nami nikadhani ni jua. Alimshukuru Ragab kwa Kiarabu chake cha dua, Ragab akaitikia amina.

Alasiri tulirudi ng'ambo ya mashariki, tukamalizia Karnak, hekalu la nguzo kubwa kama minara. Hapo jua lilikuwa la kutosha na hakuhitaji ubao. Nilitaka kumwonyesha ukumbi wote kwa mara moja, akakataa. Alichagua nguzo moja, akaanzia chini, akapanda kwa macho kipande kwa kipande hadi shingo ikamkamaa, na juu kabisa, upande wa chini wa boriti la jawe, ambako mvua na jua havifiki, akakuta rangi ya bluu na nyekundu ingali mbichi. Mimi nilikuwa nimepita chini yake nikisoma kibao cha maelezo.

Kabla hatujaachana, nilimuuliza Nadia kwa nini hakutupeleka kule kwa Ragab tangu asubuhi. Alisema kwa sababu barua yangu iliomba kiongozi wa kusema sana. Haikueleza kwamba kuna mtu anayetaka kuona.

Jumapili hizi bado nampelekea Dada nilichosoma, lakini utaratibu umebadilika. Simwanzii na nasaba. Naweka picha mezani chini ya taa kali, naye anachagua pa kuanzia, nami nasubiri aulize. Mara nyingi anauliza jambo ambalo silijui, na wiki inayofuata ndiyo inakuwa kazi yangu.

Uwanja wa ndege wa Toronto, siku ya kurudi, Salim alitupokea na koti la mama yake mkononi. Hakuuliza habari za mahekalu. Aliuliza moja kwa moja kama ameona. Dada alivaa koti, akafunga vifungo vyote, akamsimulia wasichana wawili na nywele zao, mpaka yule aliyekuwa akijitetea kwa mkono mmoja. Salim alinigeukia kuhakikisha. Nikamwambia mimi nilikuwa nimeshika ubao tu, amwamini mama yake.

Alibeba mizigo yetu mpaka kwenye gari. Akamfungulia mama yake mlango, akamuuliza anafikiria kwenda Tanga lini.

"Mwezi wa nane," Dada akasema. "Ukipata likizo, twende pamoja. Lakini kiti cha dirishani ni changu."