Makao ya Asili

Mtacheka, najua, lakini subirini nimalize, maana hata leo nikipita soko la Kola nikaona beberu anatafuna kitu, natazama kando. Siku hiyo tulikuwa tunapeleka ntheo kwa akina Mwende, yaani wale mbuzi watatu ambao kwa sisi Wakamba bila wao huna mke, una rafiki tu, na mama yake tayari alikuwa na shaka na kijana anayesema kazi yake ni kuandika riwaya (ambayo bado haijaisha, lakini tuyaache hayo).

Nikaona mbuzi peke yao hawatoshi kumwonyesha mimi ni nani. Nikanunua Machakos mjini ule mmea unaotambaa, wenye majani mapana yenye matundu, nikaandaa na hotuba. Mjomba Kioko, msemaji wetu, akaniambia niupakate mbele kwenye pikapu. Nikakataa. Nilikuwa nimesoma kwamba kwao ni msitu wa mvua, kivulini, unakopanda miti mikubwa ukitafuta mwanga, kwa hivyo nikamweleza kwamba nyuma, chini ya turubai, katika joto la pumzi za mbuzi, ndipo panapokaribia makao yake ya asili.

"Haya, mwandishi," akasema, akawasha gari.

Tulipofika, wazee wakasimama kukagua mbuzi, kwa sababu mbuzi mgonjwa harudishwi peke yake, hurudi na mwenyewe. Wawili wakashuka vizuri. Beberu akashuka akitiririkwa na mate, ulimi nje, midomo imevimba. Nami, nisiyejua kwamba utomvu wa mmea ule huchoma mdomo, nikaona heri niwageuze macho kwa hotuba: kama mmea huu unavyoukumbatia mti mkubwa porini, ndivyo nitakavyomshikilia Mwende. Nikavuta turubai yote kwa madaha. Kwenye chungu palikuwa na kijiti kimoja na nusu jani.

Beberu akakohoa, akatema nusu ya pili.

"Sasa mwanangu," mama Mwende akaniuliza polepole, "wewe ndio unapanda, na mtoto wangu ndio mti?"

Mwende aliinamisha kichwa, mabega yakitikisika, na mpaka leo amekataa kuniambia kama alikuwa analia.

Mbuzi wawili wakapokelewa. Mimi na beberu tukarudishwa pamoja, nyuma, chini ya turubai (mjomba alisema mbele hakuna nafasi, ingawa kiti nilikiona). Baada ya wiki mbili nikaenda tena na beberu mwingine, bila hotuba, na ndipo nikapewa mke. Tangu hapo nimeapa kwamba kwa wakwe napeleka mbuzi tu, mdomo wake umefungwa na wangu pia.

Kile kijiti mama Mwende alikichomeka kando ya tangi lao la maji, pale bomba linapovuja, na bila kusoma kitabu chochote akakipatia makao yake. Juzi alinishika mkono, akanionyesha majani yaliyofunika tangi lote.

"Huu umefika juu," akasema. "Na riwaya?"