Mayai Mawili Uani kwa Wakwe wa Kigobe

Nichekeni sasa hivi, kabla sijaanza, ili tukifika katikati muwe mmeshamaliza, maana katikati hapachekeshi. Mimi Roza, mwanamke mzima wa miaka hamsini na mbili, mama wa kanisa, mtu anayeletewa mabinti wa watu awafunde kabla ya ndoa, nilikutwa nimechuchumaa nyuma ya jiko la wakwe huko Bujumbura na yai mdomoni. Yai zima. Na ndani ya nyumba nilikuwa nimewaambia nimefunga.

Chanzo chake ni sukari. Mwaka jana nilipimwa hapa kwetu Kigoma nikaambiwa imepanda, muuguzi (msichana mdogo tu, lakini mkali kama pilipili) akaniandikia masharti kwenye karatasi: kidonge asubuhi, kutembea kila siku, soda basi, pombe basi, wanga kidogo, na nisikae na njaa muda mrefu. Jamani, nilivyoyashika masharti yale, ningezishika hivyo amri kumi ningekuwa mtakatifu. Magauni yakaanza kunipwaya, majirani wakaanza kuuliza, na mimi nikaanza kujisikia. Kwa hiyo likizo ilipofika nikaamua kwenda kumtembelea Elia Bujumbura, niliapa kwamba safari haitanivurugia kitu, wengine wakienda likizo wanarudi na mashavu, mimi nitarudi na kiuno.

Elia ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea tangu yuko darasa la pili, ada nimelipa mimi, viboko nimechapa mimi. Sasa ni mtunza ghala kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, na amepanga mtaa wa Carama. Wiki ya kwanza nilimtesa yule kijana, Mungu anisamehe. Saa kumi na mbili asubuhi niko barabarani na raba zangu natembea mikono inaruka, watu wa Carama wanakwenda mashambani na majembe wananipisha (mama mmoja aliniuliza kwa huruma, "Mama, umepoteza mbuzi?"), nikirudi nataka maji ya moto, mchicha bila mafuta, mayai ya kuchemsha. Na popote tulipokwenda nilibeba mkoba wangu mweusi, ndani yake chupa ya maji, tango na mayai mawili.

Sasa Jumamosi ile tulikuwa tunakwenda Kigobe, nyumbani kwa Nadine, mchumba wa Elia. Mama yake Nadine alishafariki, amelelewa na bibi yake mzaa baba, na baba yake ni mtumishi wa serikali, mtu wa maneno machache. Huyo baba alikuwa amemwambia Elia waziwazi: siku ya mahari siipangi mpaka nimwone mtu mmoja wa ukoo wako, nimsikie anavyosema. Huyo mtu mmoja ni mimi. Kijana amesubiri miaka miwili, na leo jibu lake limekaa mdomoni mwangu.

Asubuhi akiwa anapiga pasi shati lake akaniambia, "Shangazi, kule wataleta impeke, ile pombe yao ya mtama. Mwenyeji anaonja kwanza mbele yako, ujue haina sumu, halafu anakupa mrija. Ukikataa bila sababu ni kama umemwambia we ni mchawi. Donc, waambie mapema una sukari, wataelewa, ni watu wazuri."

Nikamkatia hapo hapo. "Niingie ukweni naanza kutaja magonjwa? Waseme ukoo wetu una damu mbaya, wajukuu watarithi? Mimi nimeoza watoto wangapi, Elia? Niachie."

Akaniachia. Natamani hadi leo angenibishia.

Tulifika saa saba mchana, jua kali. Tukapokelewa vizuri mno, na Nadine ananiita tantine, yaani shangazi, huku akinishika mkono kwa mikono miwili. Bibi alikuwa ameshakaa, mwembamba, kitambaa kichwani, umri wake hata mwenyewe hakuuhesabu, na mbele yake chungu cha impeke kimesimamishwa juu ya kata na mirija mirefu imechomekwa. Mezani kuna sahani zimefunikwa: samaki wa mukeke wa kukaanga, ndizi, isombe ya majani ya muhogo, wali. Harufu ile, mimi ambaye nilikunywa chai kavu na kidonge saa kumi na mbili! Bibi akainama, akavuta kwenye mrija, akameza, akanitazama, akatabasamu kwa meno yaliyobaki, akanigeuzia mrija.



Nami nikatoa tabasamu langu la kanisani, nikasema, "Asante sana, bibi, ila leo nimefunga."

Liliteleza lenyewe, naapa. Nikaona baba mtu uso umelainika. Akaniuliza kwa heshima, "Umefunga kwa sababu gani, mama?" Hapo ningeweza kusema nimefunga kwa ajili ya mambo yangu, mtu angekaa kimya, lakini mimi nikishaanza huwa najisikiliza, nikasema, "Kwa ajili ya ndoa ya hawa watoto. Leo siku ya tatu." (Siku ya tatu! Jana yake usiku Elia aliniona nikila kuku.) Elia akaangalia viatu vyake.

Baba akamtafsiria bibi kwa Kirundi. Bibi akashika kifua, akasema "Mana yanje!", Mungu wangu, na macho yakamlenga machozi, halafu akafanya jambo ambalo silisahau: akausukuma mrija pembeni, akafunika chungu, akaongea kidogo, na mwanawe akanigeuzia maneno yake: "Mama anasema, kama mugeni ameshinda na njaa siku tatu kwa sababu ya mujukuu wake, yeye nani wa kukula? Atafunga na wewe mpaka jioni."

Nikasema hapana, hapana, bibi ale tu, mzee hafungi. Bibi akatikisa kichwa. Na bibi asipokula, nani atakula? Nadine akaanza kuzirudisha sahani jikoni moja moja, mukeke unapita mbele ya pua yangu, na Elia, ambaye hakunywa hata chai kwa wasiwasi, anameza mate. Nimewashindisha njaa watu wa nyumba nzima, akiwemo kikongwe, ndani ya robo saa.

Halafu nikaombwa niombe. Nikasimama, nikaomba, na kwa woga nikaomba ndefu, nikapita kwa Ibrahimu na Sara, na nilipokaribia kwa Isaka jasho la baridi likanitoka mgongoni, macho yakaona vimulimuli. Muuguzi aliniambia, usikae na njaa! Nikawaza, nikianguka hapa watanipeleka hospitali, nitapimwa, na uongo utatoka kwenye karatasi. Nikasema amina kabla Isaka hajazaliwa, nikaomba choo, nikabeba na mkoba wangu (nani anakwenda choo na mkoba mkubwa vile? Nadine aliutazama, nilimwona).

Choo kilikuwa uani. Sikuingia. Nilizunguka nyuma ya jiko, penye kuni na beseni la kuoshea vyombo, nikachuchumaa, yai la kwanza nikalimenya kwa kucha na kulimeza bila kutafuna sawasawa, la pili nikalitia zima mdomoni, na mkono wa kulia nimeshika tango. Hapo nikasikia kandambili.

Alikuwa bibi. Alikuwa ametoka kujimwagia maji usoni, nadhani, kwa ajili ya joto na njaa. Akasimama. Akaniangalia usoni, akaangalia maganda chini, akaangalia mkoba uliofunguka na chupa yangu ya maji inaonekana. Mimi nataka kusema neno, yai halipiti, limeziba, nafanya "mm, mm" kama bubu. Hakunifokea. Angenifokea ningefurahi. Aligeuka taratibu akashika ukuta akarudi ndani.

Nilipoingia sebuleni, bibi alikuwa anaongea Kirundi, sauti ya chini, haraka. Kirundi sikijui, ila neno moja kila aliyekaa Bujumbura wiki moja ameshalisikia: uburozi. Sumu. Alilitaja mara mbili huku ananionyesha kwa kidole. Nadine alikuwa analia. Elia ameinamisha kichwa mpaka naona kisogo.

Baba akaniambia, hakupandisha sauti hata kidogo, "Mama, kaa. Mama yangu anasema umekuja na chakula yako na maji yako. Umekula yako nyuma ya nyumba, ya kwetu umekatala. Sisi, mu hii nyumba, tumeua nani?"

"Hapana, baba Nadine, si hivyo—"

"We unaogopa tutakupa sumu?"

Ndipo nikafunguka. Nilisema vyote, kwa pupa, maneno yanakanyagana: sukari, kidonge, muuguzi, karatasi, kutembea asubuhi, kwamba naona aibu kuitwa mgonjwa, kwamba naogopa waseme Elia ana damu mbaya. Nikamwaga mkoba mezani wakaona vidonge. Na kwa kuwa nilishachanganyikiwa, nikapiga magoti mbele ya chungu, nikafunua, nikashika mrija na kuvuta, nikavuta, impeke inaniingia puani, nakohoa, navuta tena, ili waone siogopi. Elia ndiye aliyenishika mabega. "Shangazi, inatosha. Utakufa."

Bibi alitafsiriwa. Nikamwona anatazama vidonge, halafu ananitazama mimi, na sura yake ikabadilika, hasira ikaondoka, ikabaki huzuni tu, na hiyo ilinikata zaidi. Akamwambia Nadine arudishe chakula. Tukala. Samaki wa watu nilimla, naye hakuwa na ladha yoyote mdomoni mwangu.

Baada ya kunawa baba akaniambia mbele ya wote, "Elia ni mutoto muzuri. Tunamukubali. Mwezi ujao alete mahari."

Nilitaka kupiga vigelegele. Mkono ulikuwa umeshafika mdomoni.

"Lakini siku ile," akaendelea, "asemewe na mutu mwingine. Kukatala pombe si kitu, mama, batu wengi hapa bana sukari, tungekuwekea maji tu. Lakini ulichukua jina ya Mungu, ukafungisha na mama yangu njaa, na ulikuwa unajua. Maneno ya mahari ni ya kuaminiana. Mi siwezi kuipokea kinywani mwako."

Nilisema asante, nikaokota vidonge vyangu.

Tuliposhuka teksi Carama, Elia akaniambia, "Shangazi, nimekubaliwa," kwa sauti ya mtu anayejaribu kufurahi, na mimi nikamwambia hongera, mwanangu, kisha nikaingia chumbani nikavua gauni la ukweni nikalia.

Siku ya mahari nilikuwa hapa Kigoma. Kiti cha shangazi alikikalia jirani yake Elia, mama mmoja mwenye asili ya Uvira anayeuza ndagala, mwanamke mwema, lakini hamjui Elia hata anaogopa nini gizani. Nimeona picha kwenye simu: amevaa kitenge kizuri, amesimama, anasema, watu wanamsikiliza. Nimeikuza ile picha mpaka ikawa ukungu, namtafuta Elia ameangalia wapi. Alikuwa ameangalia mlangoni.

Kutembea natembea bado, kila asubuhi, na popote niendako sili wala sinywi kilichokatazwa, hilo silibadilishi. Ila sasa nikifika kwa watu, kabla sijavua viatu, nasema kwa sauti: jamani, mimi naumwa sukari, naomba maji. Wananiletea maji. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za damu ya ukoo, hata mmoja, na harusi ni Agosti, nimealikwa, nimeulizia nitakaa wapi, wakaniambia pamoja na wageni.

Nitakwenda. Nitakaa na wageni.