Siku Kumi na Nne za Yuditha

Yuditha hakuwa mtu wa kulialia. Miaka kumi na mitatu alikaa kwenye ndoa bila mtoto, na pale Pasua, Moshi, alikokuwa akishona sare za shule kibarazani kwake, watu wakasema ana roho ngumu. Ngumu wapi, jamani! Alikuwa amechoka tu kuhurumiwa.

Mwaka 2008 akatimiza thelathini na tisa. Mirija yake ya uzazi ilikuwa imeziba pande zote mbili, na daktari alishamwambia mimba ya njia ya kawaida asahau. Ila Nairobi kulikuwa na kliniki ambako mayai ya mama hutolewa, yakarutubishwa nje, kisha yakarudishwa tumboni. Mumewe Elisaria, mwongozaji wa wageni wanaopanda Mlima Kilimanjaro, akauza shamba lao la Sanya Juu. Wakakubaliana kwamba watajaribu mara moja tu, maana hapakuwa na shamba la pili, na kwamba kule Machame kwa wazazi wa Elisaria asijue mtu. Wangejua, mtoto wangemwita wa maabara. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hao hawakuwa na mama mkwe wa Machame.

Nairobi, kwa siku kumi na mbili alijidunga sindano tumboni mwenyewe, kila jioni saa ile ile. Tumbo likamvimba, akawa anagomba bila sababu. Siku ya kutoa mayai alilazwa kwa dawa ya usingizi, na alipozinduka akaambiwa yamepatikana saba. Kesho yake yaliyokubali kurutubika yalikuwa manne. Siku ya tano yamebaki mawili. Hakuna aliyemwandaa kwa kupukutika huko, na kila simu ilipolia moyo ulimpasuka. Hayo mawili yakarudishwa kwa mrija mwembamba, hata maumivu hakusikia. Muuguzi akamwambia: "Sasa unasubiri siku kumi na nne. Dawa za kuweka ukeni, za kuishikilia mimba, asubuhi na jioni, usiache hata ukiona damu. Damu siyo jibu. Jibu ni kipimo." Alisikia vizuri, na akaitikia.

Akarudi Pasua na dawa zake. Siku ya nane Elisaria akapanda mlimani na wageni, huko juu ambako simu haishiki. Siku ya tisa ikaja habari kwamba Salvina, mke wa shemeji yake mdogo, amejifungua.

Sasa, Uchaggani mzazi haendewi mikono mitupu, na mke wa kaka mkubwa ndiye anayetazamwa kwanza. Anapeleka mkungu wa mshare, zile ndizi za mtori, supu ya mzazi, na anaubeba mwenyewe kichwani watu wamwone. Kama hana mtoto, basi mkungu wake uwe mkubwa kuliko wa wengine, la sivyo ana kijicho. Haikuandikwa popote, lakini thubutu kutofanya uone. Yuditha akajitwika mkungu, akapanda nao kutoka barabarani hadi nyumbani kwa wakwe Machame, akiomba Mungu kila hatua.

Mama mkwe alimpokea vizuri, akamwekea kichanga mapajani na kusema labda ataambukizwa. Wanawake wakacheka. Naye akacheka, afanyeje.

Jioni, chooni, huko huko alikokuwa alale, akaona damu.

Alijua ameua. Aliwaza kwamba amewatoa wanawe kwa ajili ya ndizi, ili asisemwe, na akajichukia. Elisaria hapatikani. Namba ya muuguzi ilikuwa pochini, lakini nyumba ile ya mbao ilijaa wanawake. Ukikohoa chumba hiki, chumba cha pili wanakwambia pole. Ataongea nini, kwa sauti gani? Akachukua dawa zote zilizobaki, alizokuja nazo pochini, akazitumbukiza kwenye shimo la choo moja baada ya nyingine. Kisha akaenda jikoni kusaidia kumenya ndizi.

Siku ya kumi na tatu Elisaria akashuka. Alipoambiwa kwamba mimba imetoka, alikaa muda mrefu na buti zake miguuni. Kesho yake akamwambia tarehe ni tarehe, wakapime. Yuditha alienda maabara mjini Moshi ili kumridhisha tu, na majibu wakayatuma Nairobi.

Mchana muuguzi akapiga simu. Mimba ilikuwa imeshika. Kipimo cha homoni yake kilikuwa cha chini, lakini ipo. Alipoelezwa habari ya damu na mkungu akasema hata, ndizi haing'oi mimba, na damu kidogo siku zile huwatokea wengi. Kisha akauliza: "Dawa unaendelea nazo?"

"Nilizitupa."

Muuguzi akaagiza zitafutwe leo hii, popote. Elisaria alizunguka maduka ya dawa ya Moshi yote, akakosa, akazipata Arusha usiku. Yuditha akaanza upya. Baada ya siku mbili kipimo kilikuwa kimeshuka, na baada ya mbili nyingine hakikuwa na kitu.

Alimuuliza muuguzi kama asingezitupa ingekuwaje. Muuguzi akamjibu kweli: hajui, mimba nyingine hutoka hata dawa zikitumiwa zote, na hakuna atakayejua kamwe. Alidhani anamfariji. Yuditha angeona afadhali aambiwe moja kwa moja kwamba kosa ni lake.

Jumamosi akapanda Machame peke yake, akamkuta mama mkwe jikoni, akamweleza yote: kliniki, sindano, damu, choo. Hakuwa na la kuficha tena. Mama mkwe alimsikiliza bila kumkatiza, moto ukazima hapo mbele yao.

"Huyu Elisaria wako," akasema mwishowe, "nilimvujia damu mwezi mzima. Kila mtu alisema ametoka. Mimi nikakaa kitandani nikasema sitoki hapa mpaka nione. Ungeniita, ningekwambia, mwanangu. Nililala chumba cha pili usiku ule, na sikuwa na usingizi."