Msamaha wa Jumanne

Fundi hakuwa mwanamke wa kuchekacheka na wateja. Kibanda chake cha kutengeneza televisheni kilibanwa kati ya saluni na duka la rangi, na mteja aliyeanza kueleza maradhi ya televisheni yake alikatizwa palepale: "Weka hapo. Itasema yenyewe." Kiti cha wageni kilikuwa kimoja, kimelegea mguu, naye alikiacha hivyo makusudi ili watu wasizoee kukaa.

Basi mwaka ule mashine ikaingia midomoni mwa watu. Huko nchi za mbali wataalamu walikuwa wamechimba handaki la duara chini ya ardhi, kubwa kiasi cha kuzunguka mji mzima. Humo walitaka kukimbiza chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, zigongane kwa kasi ya ajabu, ili wajue ulimwengu ulianzaje. Hayo ndiyo waliyosema wataalamu. Mtaani yalifika mengine: chembe zikigongana litazuka shimo jeusi, nalo litameza handaki, kisha mji, kisha sisi sote na masufuria yetu. Mashine ilikuwa iwashwe Jumatano.

Nusu ya mtaa ilitetemeka, nusu ilishangilia kama inayongoja fainali ya mpira, na wote kwa pamoja walitaka televisheni zao zipone kabla ya siku hiyo. Kibanda kikafurika mpaka mlangoni. Mwingine angefurahi. Fundi alizidi kununa.

"Fundi, fanya hima bwana, nisije nikakosa kuona tunavyokwisha!"

"Ukishakwisha usije kunidai rimoti," alimjibu, pua imo ndani ya televisheni ya watu.

Lakini kilichomchefua hasa hakikuwa hofu wala shangwe. Ni ule ugonjwa wa kuombana radhi. Watu waliokuwa wakipishana kama hawaonani sasa walikumbatiana barabarani. Bwana mmoja mtaa wa pili alimwomba mkewe radhi kwa mambo ambayo mke hakuwa hata akiyajua, na jioni hiyo bwana akaonekana barabarani na mto wake kwapani. Msusi wa saluni naye akaja, kope zimelowa.

"Fundi, nisamehe mwenzio. Nilikuwa nawaambia wateja wako una mkono wa nuksi."

"Najua. Ukuta wetu ni wa mbao."

"Kwa hiyo umenisamehe?"

"Nimekwambia ukuta ni wa mbao. Nenda kasuke watu."

Msusi akaondoka hajui amesamehewa au la. Fundi mwenyewe hakuwa na kinyongo naye. Kinyongo chake kilikuwa kimoja tu, kikubwa, na kilikuwa na mwenyewe.

Kilikuwa cha kaka yake. Ukoo mzima ulimwita Mwenyekiti, kwa kuwa ndiye aliyeongoza vikao vyote vya familia, na hakuna aliyekumbuka kikao ambacho alisema kwa ufupi. Mama yao alipolazwa, walipeana zamu za kumwangalia, na siku ya mwisho ilikuwa zamu ya Mwenyekiti. Asubuhi muuguzi alimpigia simu kwamba hali ya mama imekuwa mbaya na anamtaja binti yake. Mwenyekiti alikuwa kwenye sherehe ya rafiki yake, mezani, glasi mkononi. Fundi alipompigia kuuliza, alimwambia, "Mama amelala vizuri, fanya kazi zako." Fundi akafanya kazi zake. Mama akafa alasiri, peke yake.

Hayo pekee pengine yangesameheka. Yasiyosameheka yalikuja siku ya mazishi. Mwenyekiti alisimama mbele ya watu, akajifuta uso kwa leso, akasema, "Tulimwita dada yetu. Akasema ana kazi." Fundi alitaka kujibu, vilio vikamfunika, na walipomaliza kulia hapakuwa na wa kumsikiliza. Tangu hapo Mama Mkubwa, dada wa marehemu, aliyemlea Fundi mgongoni mwake, alimwitikia salamu tu. Hakukanyaga kwake, hakumwita binti yangu tena. Sasa alikuwa mzee sana, anatembea kwa mkongojo, na Fundi aliogopa jambo moja tu duniani: kwamba Mama Mkubwa atakwenda kaburini akiuamini ule uongo.

Jumanne mchana, kibanda kimejaa, Mwenyekiti akatokea. Alikuwa amekonda uso. Aliwasukuma watu kwa kiwiko, akakalia kile kiti kibovu, kikamyumbisha, akakishikilia kwa mikono miwili.

"Mdogo wangu," akanong'ona, "kesho ndiyo kesho. Siwezi kufa na lile jambo. Muuguzi alinipigia. Nilikudanganya, na makaburini nikakusingizia. Nisamehe."

Fundi aliweka chini chuma cha kuchomelea. Miaka yote hiyo alikuwa akiyasubiri maneno hayo, na sasa yalikuwa yanasemwa chinichini kati ya televisheni za watu.

"Kamwambie Mama Mkubwa."

"Muda uko wapi? Mashine ni kesho asubuhi!"

"Basi tukiamka Alhamisi, nenda."

"Tukiamka salama, Jumapili kwenye kikao nitasimama niseme mbele ya wote. Naapa. Lakini nisamehe leo, Dada. Leo."

"Nitakusamehe Jumapili," Fundi akasema, akakamata chuma chake.

Jumatano mtaa mzima ulisongamana mbele ya kibanda. Fundi alizipanga televisheni alizokwisha kutengeneza na kuziwasha zote. Zilionyesha chumba chenye watu wengi wenye miwani, wakikodolea kompyuta. Msusi alimng'ang'ania mkono. Kisha nukta mbili nyeupe zikametameta kwenye kioo, na wale wenye miwani wakarukaruka na kupigana mabega.

"Ndiyo hiyo tu?" akauliza mtu.

"Ndiyo hiyo," Fundi akasema. "Haya, ondokeni kwenye mlango wangu."

Watu walitawanyika kwa hasira, kama waliotapeliwa. Kufika adhuhuri msusi alikuwa akimsengenya tena nyuma ya mbao. Fundi alimsikia, asijali, maana mawazo yake yalikuwa Jumapili. Alifua gauni lake la bluu. Alilipiga pasi, akaona halijanyooka, akalipiga tena.

Jumapili kikao kilikaa kwa Mama Mkubwa. Mwenyekiti alikuwa amenawiri, shavu linang'aa. Alizungumzia paa la nyumba ya ukoo, akazungumzia mipaka ya shamba, akazungumzia umuhimu wa umoja. Akafunga kikao.

"Kaka," Fundi akasema, amesimama, "bado lile jambo lako."

"Lipi?"

"Uliloniambia Jumanne."

Mwenyekiti akawageukia watu, akatabasamu. "Jumanne nani hakusema upuuzi? Ile mashine ilitutia wazimu sote." Watu wakacheka, kila mmoja akikumbuka upuuzi wake. Mama Mkubwa hakucheka, ila alitazama mkongojo wake. Fundi alitoka bila kuaga, na njia nzima alimtukana kaka yake kwa sauti, matusi ambayo hayaandikiki, mpaka mbwa mmoja akamkimbia.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, chuma mkononi, alisikia habari: wale wataalamu wameifanyia mashine yao marekebisho, na wiki ijayo wataiwasha tena, safari hii kwa nguvu maradufu. Fundi aliyezoea kuzima habari hizo, sasa aliongeza sauti. Kisha akafikiri kidogo. Akazitoa televisheni zote nje, akazielekeza barabarani, upande ambao Mwenyekiti hupita kwenda kunywa kahawa, akazifungua sauti mpaka mwisho. Mwenye duka la rangi alitoka kulalamika, akapewa vidonge vyake, akarudi ndani.

Siku ya pili Mwenyekiti alisimama mbele ya televisheni hizo, kofia mkononi.

"Dada, ni kweli? Maradufu?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Na lile shimo?"

Fundi alijua jibu: shimo halipo. Mara ya kwanza alikuwa amewaachia watu hofu yao, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Safari hii aliulizwa, naye aliufyata. Alijiona ana roho mbaya, na alifurahia kuwa nayo.

"Mimi ni fundi wa televisheni," akasema. "Ila kama una la kusema, usije peke yako. Njoo na Mama Mkubwa."

Alipoondoka, Fundi alikipindua kile kiti cha wageni, akaupigilia mguu wake misumari, akakikalia mwenyewe kukijaribu.

Kesho yake walikuja, Mwenyekiti amemshika mzee mkono. Mama Mkubwa alikaa, kiti kikatulia. Mwenyekiti alisema yote: simu ya muuguzi, sherehe, glasi, makaburini. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alisema kwa ufupi. Mama Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaelekeza mkongojo kwenye televisheni.

"Na hilo dude lao, mwanangu, kweli litatumaliza?"

Ilikuwa imepita miaka tangu Mama Mkubwa amwite Fundi mwanangu. Fundi akapunguza sauti za televisheni.

"Hapana, Mama Mkubwa. Halina neno. Hata mara ya kwanza halikuwa na neno."

Mwenyekiti aliachama. "Kumbe ulikuwa unajua?"

"Hukuniuliza kama kuna hatari. Uliuliza kama kuna shimo, nami nikakwambia kazi yangu."

"Dada, wewe ni shetani!" Akavaa kofia, akamnyooshea mzee mkono. "Twende, Mama Mkubwa, nikurudishe nyumbani."

Mama Mkubwa aliutazama ule mkono. Akautazama vizuri, kisha akaulaza mkongojo wake mapajani.

"Wewe tangulia," akasema. "Mimi nimekuja kwa binti yangu."